Masta ya uhandisi wa mazingira hapa Dar: maoni ya mtu aliyejilipia ada

Wakuu, kila dirisha la udahili likikaribia swali linarudi lile lile, "hivi masta ya uhandisi wa mazingira inalipa?", na wanaojibu wengi hawajaisoma, wameambiwa na binamu. Basi acha niichambue kama watu wanavyochambua simu mpya, nini kizuri, nini kibovu, hela yako iende au isiende. Nimesoma hapa hapa Dar, programu ya jioni, huku nafanya kazi kwenye kampuni ndogo ya ushauri, zile zinazoandaa ripoti za tathmini ya athari kwa mazingira (EIA), na ada nimelipa mwenyewe kwa awamu, hakuna ufadhili wala mjomba. Chuo sikitaji, kuna mambo nitayasema huko chini na cheti orijino bado sijakichukua.

Kwanza muelewe mnanunua nini maana watu wanachanganya. Kuna masta ya sayansi ya mazingira, kuna ya usimamizi wa mazingira, halafu ndo kuna hii ya uhandisi. Zile mbili utaandika sana, hii utapiga hesabu sana. Kama ulizoea kusoma slaidi usiku wa kuamkia pepa aisee utalia, wiki ya kwanza tu mwalimu anamwaga milinganyo ubaoni, kinachoingia kwenye tanki, kinachotoka, kinachobaki, na haulizi nani amesahau kaliklasi, anaendelea tu. Darasani tulikuwa mchanganyiko, wa sivo (ujenzi) ndo wengi, wa kemikali wachache, na wawili watatu wa afya ya mazingira ambao walianza wakiwa nyuma kwenye hesabu ila kwenye mambo ya fildi walitupita wote.

Majisafi tulienda nayo mbio. Koagulesheni (kugandisha tope kwa dawa), mchujo wa mchanga, klorini, basi. Kilichonibakia ni ile zoezi la kukoroga vikombe sita vyenye dozi tofauti za shabu kuona tope linaganda wapi vizuri, halafu tukapelekwa Ruvu, kwenye mitambo inayosafisha maji ya Dar. Mnajua Ruvu Chini uwezo wake ni lita milioni 270 kwa siku na Ruvu Juu milioni 196, na ukisikia namba hizo ukiwa mtaani na ndoo huna hamu nazo, ila ukisimama pale masika mto umekuwa rangi ya chai ya maziwa ndo unaelewa kwa nini dozi ya jana haifai leo.

Sasa majitaka. Hapa ndo moyo wa kozi nzima na hapa ndo nina sifa nyingi na lawama nyingi pia.

Sifa kwanza, maabara. Kipimo cha BOD, yaani kupima uchafu wa maji kwa oksijeni ambayo vijidudu wanaitumia kuula, kwenye karatasi kinaonekana cha kitoto. Unajaza sampo uliyoichanganya na maji safi kwenye chupa ya mililita 300, unapima oksijeni iliyoyeyuka, unaifungia gizani kwenye nyuzi joto 20 kwa siku 5, unapima tena, tofauti ukiizidisha kwa kiasi ulichochanganya ndo unajua vijidudu wamekula oksijeni kiasi gani. Nilikuwa naona BOD kwenye ripoti za ofisini kila wiki, namba tu kwenye jedwali, na kiwango chetu cha taifa cha majitaka, kinaitwa TZS 860, kinasema maji yanayotoka kiwandani kwenda mtoni yasizidi miligramu 30 kwa lita, kwa hiyo kazi ilikuwa kuangalia je iko chini ya 30, ndiyo, tiki, twende mbele.

Kuna wikiendi umeme ukakatika usiku na jenereta ya maabara haikuwa na mafuta. Inkubeta, lile kabati linalotunza chupa kwenye nyuzi 20, ikapanda taratibu mpaka joto la chumba, na Dar mnaijua, chumba kilichofungwa hakishuki nyuzi 30. Jumatatu tumekuja tunasoma chupa zetu kwa furaha, mzee wa maabara, mtu mzima kwelikweli aliyekaa pale tangu wengine hatujazaliwa, akaja akafungua daftari lake la joto akatuonyesha. Nikamwambia mzee, tofauti si itakuwa ndogo tu. Akaniambia, "Kijana wangu, piga hesabu kwanza ndo uniambie ndogo." Nikapiga pale pale kwa vile vigezo vya kwenye vitabu, kasi ya vijidudu kula ni 0.23 kwa siku kwenye nyuzi 20, unazidisha kwa 1.047 kwa kila nyuzi moja inayopanda. Zikikaa zote siku 5 kwenye nyuzi 30 namba inapanda asilimia 20 na ushee. Yaani maji ambayo kihalali yana 27 yanasomeka 33. Kiwanda kimefeli, kimeandikiwa barua, labda na faini juu, kosa ni la mafuta ya jenereta. Tukamwaga chupa zote tukaanza upya na hakuna aliyenuna.

Na kinyume chake pia kipo na hicho ndo kibaya zaidi kwa sisi wa ripoti. Sampo ikichukuliwa asubuhi ikakaa kwenye buti la gari bila barafu mpaka jioni, vijidudu wameshakula sehemu ya chakula njiani kabla haijafika maabara, BOD inasomeka ndogo, mteja anafurahi, karatasi ina mhuri. Tangu hapo nikiona ripoti ina 29.8 naanza kuuliza maswali, sampo ilichukuliwa saa ngapi, ilifikaje, nani aliibeba, ilikuwa kwenye barafu? Wateja hawanipendi sana siku hizi. Wenzetu India, nilikuja kujua darasani, kwenye viwango vyao wanatumia siku 3 kwa nyuzi 27, maana hizi siku 5 kwa nyuzi 20 chimbuko lake ni tume ya kifalme ya Uingereza iliyokuwa inashughulika na majitaka yao miaka zaidi ya 100 iliyopita, na kwa joto la huku kutunza nyuzi 20 ni gharama tupu.

Kwa hiyo mtu akiniuliza masta imenipa nini nitamjibu hiki, nimejifunza kuihoji namba. Nadharia nyingine ningezipata hata kwenye yutyubu.

Fildi nayo ilikuwa ya kishua. Tulienda mabwawa ya Vingunguti, pale magari ya majitaka yanapokuja kumwaga, na nawaambia ukweli wanafunzi waliokuja na viatu vyeupe walijuta. Bwawa la kwanza ndo lile lisilo na hewa, linaenda chini mita 2 mpaka 5, jeusi, linachemka chemka gesi juu. Linalofuata lina kina cha mita 1 mpaka 2 na linaanza kuwa la kijani, ya mwisho ni mafupi kama mita 1, kijani kabisa, kazi yake ni jua kuua vimelea. Kule magari yanapofungulia utakuta nguo, pedi, chupa za soda, siku ile niliona kandambili nzima mguu mmoja, vyote vimetoka chooni kwa watu. Mwalimu akatuambia tupime oksijeni kwenye bwawa la kijani alfajiri halafu tupime tena saa nane mchana. Alfajiri mita inasoma karibu na sifuri, mchana inasoma juu kupita hata kiwango ambacho maji yanatakiwa kubeba, kwa sababu mwani wanatengeneza oksijeni jua likiwepo na usiku wanaitumia. Bwawa lile lile, siku ile ile. Sasa wewe mkaguzi umefika saa nane umepima mara moja umeondoka umeandika bwawa lina hali nzuri, mmh.

Lawama sasa. Muda mwingi kabisa wa majitaka tulisoma mitambo ya kupuliza hewa, ile teknolojia iliyoanzia Manchester mwaka 1914 kwa kina Ardern na Lockett, kurudisha tope, umri wa tope, nguvu ya blowa, hesabu kurasa na kurasa. Ni nzuri kuijua, hoteli na viwanda wanayo, na ukipata kazi huko utashukuru. Ila sehemu kubwa ya Dar haina bomba la majitaka kabisa, watu wako kwenye vyoo vya shimo na makaro, na hilo somo, la kinyesi kisichopita kwenye bomba, lilipewa wiki chache mwishoni mwa semista wakati watu wanakimbizana na asainmenti. Ndo lilikuwa somo bora kuliko yote! Tulitembea mitaa ya bondeni ambako maji ya ardhini yako juu, gari la majitaka haliingii, choo kikijaa watu wanasubiri mvua kubwa wanakitapisha kwenye mfereji usiku, au wanaita vyura, wale watu wa kuzoa kinyesi, washuke shimoni wazoe kwa mkono. Tukaonyeshwa ile pampu ya mkono ya kuvuta tope inayobebeka kwenye guta, tukapiga hesabu ya gharama ya safari moja mpaka bwawani, na hapo ndo ukweli unatoka, kwamba pampu siyo tatizo, tatizo ni umbali wa kwenda kumwaga. Kikundi kizima kilibishana pale mpaka jua linazama. Mimi ningekuwa naandika silabasi hili lingekuwa semista nzima na mitambo ya Manchester ipewe hizo wiki chache.

Sheria niliiogopa, nikajua itakuwa kukariri vifungu vya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 mpaka usingizi. Kumbe tulianzia Tabata. Wengi wenu hamjui kwamba Tabata palikuwa na dampo la jiji, na wakazi wakaenda Mahakama Kuu mwaka 1988 kulishitaki jiji kwa moshi na harufu na wakashinda. Jiji likarudi mahakamani kuomba liongezewe muda wa kuendelea kumwaga, yaani linaomba ruhusa ya kuchafua, likaja kuhamia Kunduchi Mtongani, wa kule nao wakaenda mahakamani 1991 wakashinda. Haya yote kabla hatujawa na sheria hiyo ya 2004 tunayoisoma. Mwalimu wa somo lile kama anasoma hapa nampa tano, aliuliza swali moja tu la mtihani: wewe ndo mhandisi wa jiji mwaka 1991, unazipeleka wapi taka kesho asubuhi? Nilijaza buku zima.

Taka ngumu ikaungana vizuri na hiyo. Mwezi Agosti 2024 dampo la Kiteezi kule Kampala liliporomoka likafunika nyumba na watu zaidi ya 30 wakafa, na kabla yake Machi 2017 Koshe ya Addis Ababa ilifukia zaidi ya watu 100. Kwa hiyo dampo tulilisoma kama mlima, mteremko wake, maji yanavyojaa ndani, gesi inavyosukuma, nani kajenga chini yake. Jamaa wa sivo hapo waling'ara. Uchafuzi wa hewa sina la kusema, vifaa vilikuwa vichache, tulisoma milinganyo ya moshi wa bomba la kiwanda tukafanya mtihani tukasahau.

Kompyuta: usinunue programu yoyote. EPANET ya mabomba na SWMM ya maji ya mvua zote ni za bure kutoka shirika la mazingira la Marekani, QGIS ya ramani nayo bure, laptop ya kawaida yenye ram ya kutosha inatosha. Kile kitabu kinene cha majitaka kila mtu anacho kwa softikopi, msiniulize kimetoka wapi.

Disetesheni. Hapa vuteni kiti.

Kozi weki, yaani masomo ya darasani, ni mwaka mmoja na inaisha kwa wakati, kila mtu anamaliza. Disetesheni ndo watu wanapotea. Supavaiza wangu ni msomi mzuri sana tena mtu mpole, tatizo ni kumpata. Unatuma chapta ya pili, kimya. Unampigia, "nimeiona, tuonane wiki ijayo." Wiki ijayo yuko semina Dodoma. Unaenda ofisini shikamoo nyingi, unakuta wenzako wamekaa kwenye benchi la koridoni na makaratasi kama wako kliniki. Miezi inapita na ukizidisha muda unalipa ada ya kuongeza muda, hapo ndo inauma, maana kuchelewa siyo kwako ila risiti ni yako. Siyo supavaiza wote, kuna mdada wa darasani kwetu wake alikuwa anajibu imeili usiku wa manane na akamaliza kabla yetu sote. Kwa hiyo ushauri, usichague supavaiza kwa jina kubwa, waulize waliomaliza mwaka jana nani anasoma kazi za watu.

Gharama ambazo hazipo kwenye karatasi ya ada ni kemikali. Maabara inakupa vifaa ila vitendanishi vya COD (ndugu yake BOD, ila uchafu unaliwa na kemikali badala ya vijidudu) unanunua mwenyewe, na kwenye COD kuna dikromati na zebaki humo humo, siyo vitu vya kubeba kwenye rambo. Weka na usafiri wa sampo, barafu, barua za vibali (barua moja ya kuomba kuchukua sampo kwenye taasisi fulani ilikaa mezani kwa mtu mpaka msimu wa mvua ukaisha, na mimi topiki yangu ilikuwa ya mvua), kudurufu, kujalidi. Tenga hela hiyo kabla, na usiiguse.

Waliofanya vizuri ni waliochagua topiki wanayopishana nayo kazini kila siku. Mmoja anatoka Arusha, kwao watoto wana meno ya kahawia kwa sababu ya floraidi kwenye maji, akafanya kuchuja kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe, njia ambayo kituo cha Ngurdoto kule Arusha wameifanyia kazi miaka mingi. Shirika la Afya Duniani linaweka mwisho miligramu 1.5 kwa lita na yeye visima vya nyumbani anavijua kwa majina ya wenyewe. Data alikuwa nazo, maji alikuwa nayo, wenye visima ni shangazi zake. Alimaliza mapema akaondoka.

Kuhusu kazi, msidanganyike. Masta haikupi uhandisi kamili, ERB, bodi ya kusajili wahandisi, wanataka uzoefu, wewe graduate utapita kwenye ule mpango wao wa miaka 3 kama kawaida na cheti cha masta hakikurushi. Ukitaka kufanya EIA kwa jina lako unasajiliwa NEMC, chombo cha serikali cha usimamizi wa mazingira, kama mtaalamu. Mshahara wangu haukubadilika mwezi uliofuata, bosi alisema hongera akanunua soda. Kilichobadilika ni kwamba jedwali la maabara haliendi kwa mteja bila mimi kulipitia, na kazi mbili za kusanifu mabwawa ya kiwanda zilikuja kwetu kwa sababu kuna mtu anaweza kuzipigia hesabu badala ya kumpa fundi wa nje. Walioko mamlaka za maji na migodini wananiambia huko inahesabika zaidi kwenye kupanda cheo. Aliye mtaani bila kazi anayetaka kuificha gepu kwa masta, mimi ningemwambia atafute kwanza hata kujitolea kwenye maabara ya maji, halafu arudi na swali lake mkononi.

Programu ya jioni ina dhambi yake. Kipindi saa kumi na moja na nusu, unatoka kazini unakula foleni ya Ubungo, unaingia darasani mwalimu ameshafika slaidi ya kumi, saa tatu usiku watu wanasinzia kwenye hesabu za oksijeni ya mto. Maabara zote zinasukumwa Jumamosi. Wenye watoto wadogo mjipange na wenza wenu kabisa kabisa, mimi nyumbani nilikuwa mgeni.

Mtaniuliza kuhusu nje. Kama unapata ufadhili nenda, kina DAAD wa Ujerumani kwenye zile kozi zao za maendeleo wanataka angalau miaka 2 ya kazi, kwa hiyo uzoefu wako usiudharau. Rafiki yangu alisoma IHE, chuo cha mambo ya maji kule Delft, Uholanzi, anasema inkubeta zao hazijui kukatika umeme ni nini na supavaiza ana ratiba ya kila wiki. Ila majitaka ya kule ni ya baridi, alirudi ikabidi azoee upya mabwawa yanayochemka kwa jua letu.

Alama zangu: kozi weki 4 kwa 5, fildi 5, maabara 4 (mzee wa maabara peke yake 5), usimamizi wa disetesheni 2, na thamani ya hela 3 kama uko kazini kwenye maji, taka au EIA, 2 kama hauko. Kabla hujalipa ada ya maombi, katika chuo chochote, omba kuingia maabara. Angalia kama inkubeta imewashwa, omba kuona daftari la joto la wiki iliyopita, uliza jenereta nani anaweka mafuta. Wakikuzungusha mpaka upate barua ya kuona inkubeta, subiri dirisha linalofuata uombe kwingine.